Imebadilika au Imebadilishwa? Sarufi ya Uwajibikaji katika Kumbukumbu za Usanidi wa Kompyuta

IKISIRI

Makala hii inachunguza lugha inayotumiwa kuandikia kumbukumbu za usanidi wa kompyuta na hatua za kuidhinisha mabadiliko yake. Inadai kwamba mambo mawili ya sarufi ya Kiswahili, yaani uundaji wa nomino kutokana na vitenzi na tofauti baina ya kauli ya kutendeka na kauli ya kutendwa, yanagusa moja kwa moja uwezo wa taasisi kujua mitambo yake iko katika hali gani na ni nani aliyeifikisha hapo. Istilahi kigezo cha usanidi, mkengeuko na badilisho zinapendekezwa, na sababu za kila moja zinatolewa.

1.0 UTANGULIZI

Miaka michache iliyopita mwandishi wa makala hii alikuwa akisimamia faili la vidahizo vya kamusi lililohifadhiwa katika kompyuta moja ya maabara ya lugha na kutumiwa na wasaidizi kadhaa wa utafiti. Asubuhi moja tulikuta maneno yanayoanza na ng' yamegawanyika makundi mawili. Kundi moja lilikuwa mahali pake pa siku zote, kabla ya nga-. Kundi la pili lilikuwa limesukumwa hadi baada ya ngwe. Msaidizi aliyetafuta ng'ombe hakumpata, akamwingiza upya. Hivyo ng'ombe akawa na fasili mbili zisizolingana, kila moja ikiwa na mifano yake.

Chanzo kilikuwa kidogo mno. Katika kompyuta hiyo palikuwa na mpangilio unaogeuza ritifaa iliyonyooka kuwa ritifaa iliyopinda kila mara mtu anapopiga chapa. Mpangilio huo ulikuwa umezimwa tangu mwanzo wa mradi, kwa makubaliano ya mdomo. Sasa ulikuwa umewashwa. Kwa jicho la binadamu ritifaa hizo mbili ni alama moja. Kwa kompyuta ni herufi mbili tofauti, zenye namba tofauti, na kila moja hupangwa mahali pake. Fundi wa maabara alipoulizwa alijibu kwa adabu:

"Mwalimu, mipangilio ilibadilika."

"Ilibadilika, au ilibadilishwa?"

"Ilibadilika tu, Mwalimu."

Hatuna sababu ya kudhani kwamba fundi yule alikuwa akificha jambo. Alitumia njia ambayo lugha yake imemwekea tayari. Wala sisi tuliokuwa tukiuliza hatukuwa na haki ya kujigamba, kwa maana hapakuwa na karatasi hata moja iliyoonyesha kwamba mpangilio ule ulipaswa kuwa umezimwa. Tulikuwa tukidai kitu kimepotoka bila ya kuweza kuonyesha kilikuwa kimenyooka lini.

Makala hii inakusudia kuyaangalia mambo hayo mawili kwa pamoja: ukosefu wa maandishi yanayoeleza hali iliyokubaliwa, na tabia ya lugha kumfuta mtenda. Hatutajishughulisha na ufundi wa kompyuta zaidi ya pale unapohitajika kuieleza hoja.

2.0 MALI, USANIDI NA IDHINI

Taasisi nyingi zina leja ya mali. Leja hiyo huonyesha kwamba chumba fulani kina kompyuta fulani, yenye namba iliyobandikwa ubavuni, iliyonunuliwa mwaka fulani kwa bei fulani. Mkaguzi akija huhesabu, hulinganisha na leja, na akiridhika huondoka. Kwa meza na viti utaratibu huu unatosha, kwani meza iliyopokewa bohari mwaka 2015 ndiyo meza ileile leo, labda imechakaa. Kompyuta sivyo ilivyo. Namba ya ubavuni yaweza kubaki ileile ilhali programu zilizomo, matoleo ya programu hizo, ruhusa za watumiaji, njia za mtandao zilizoachwa wazi na mipangilio mingine mingi imegeuka kabisa. Leja huendelea kusema kweli, lakini kweli hiyo haimsaidii mtu anayetaka kujua kwa nini mtambo umegoma.

Kwa hiyo, mbali na leja ya mali, huhitajika kumbukumbu ya aina ya pili, inayoeleza jinsi kila mali ilivyopangwa ndani na jinsi inavyotegemeana na nyingine. Taaluma ya kutunza kumbukumbu za namna hii ilikua katika viwanda vya ulinzi vya Marekani katika miaka ya 1950 na 1960. Kombora lililorushwa likafaulu halikuwa na faida kubwa iwapo mafundi walikuwa wamelirekebisha mara kadhaa papo kwa papo na hakuna mchoro ulioonyesha lilivyokuwa siku liliporuka. Kulirudia lingekuwa jambo la kubahatisha. Mwishoni mwa miaka ya 1980 serikali ya Uingereza ilikusanya maarifa ya kuendesha huduma za kompyuta katika vitabu vilivyokuja kujulikana kwa jina la ITIL, na humo usimamizi wa usanidi na usimamizi wa mabadiliko viliwekwa bega kwa bega. Mwaka 2011 Taasisi ya Taifa ya Viwango na Teknolojia ya Marekani (NIST) ilitoa mwongozo maalumu kuhusu usanidi na usalama. Katika mwongozo huo hali ya kulinganishia inaelezwa kuwa ni jumla ya maelezo ya mfumo yaliyokaguliwa na kukubaliwa rasmi kwa wakati maalumu, ambayo yanaweza kubadilishwa kwa kupitia taratibu za udhibiti peke yake.

Taratibu zenyewe si ngumu kueleza. Anayetaka kugeuza kitu huandika ombi. Ombi hupimwa: litagusa nini, likiharibika litarudishwaje nyuma, nani ataathirika. Mwenye mamlaka, au kamati, hulikubali au hulikataa. Likikubaliwa hutekelezwa kwa saa iliyotajwa, kisha mtu mwingine asiyekuwa mtekelezaji huhakiki. Mwisho, na hapa ndipo wengi huchoka, kumbukumbu ya hali iliyoidhinishwa husahihishwa ili ilingane na hali mpya. Dharura ina mlango wake: fundi anaweza kutenda kwanza na kuandika baadaye, lakini kuandika hakufutwi.

Msomaji wa jarida hili hatayaona mambo hayo kuwa mageni. Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 ilifanya kazi inayofanana na hii. Ilikuwa na lahaja iliyochaguliwa kuwa msingi, yaani Kiunguja, ilipokea miswada ya vitabu, na kuipitisha au kuirudisha kwa marekebisho. Kamusi ya Kiswahili Sanifu nayo, kwa matoleo yake ya 1981, 2004 na 2013, ni hali tatu zilizoidhinishwa kwa nyakati tatu. Mfano huu una mipaka, tena mipaka muhimu: msemaji wa Kimtang'ata au wa Kipemba hahitaji kibali cha mtu ili aseme, na wengi wetu tumetumia nusu ya maisha yetu ya kazi tukiwaeleza wanafunzi jambo hilo. Seva haina haki hiyo.

3.0 SEVA YA NANE

Kabla ya kuingia katika istilahi, yafaa tuangalie tukio moja ambalo mamlaka ya Marekani inayosimamia masoko ya hisa ililichunguza na kutolea uamuzi mwezi Oktoba 2013. Tunalichagua kwa sababu halihusu wizi wala hujuma. Linahusu kutolingana kwa vitu ambavyo vilipaswa kuwa sawa.

Kampuni ya Knight Capital ilikuwa ikipeleka maagizo ya kununua na kuuza hisa kwa kutumia programu iliyowekwa katika seva nane. Soko la Hisa la New York lilipanga kuanzisha huduma mpya tarehe 1 Agosti 2012, na kampuni ikatayarisha programu mpya kwa ajili hiyo. Kuanzia tarehe 27 Julai fundi alianza kuipakia katika seva, chache chache. Seva saba zilipata programu mpya. Ya nane haikupata. Hapakuwa na fundi wa pili aliyehakiki kazi ile, wala hapakuwa na utaratibu ulioandikwa uliodai uhakiki huo.

Ndani ya seva ya nane mlikuwa bado na kipande cha programu ya zamani kilichoitwa Power Peg, ambacho kampuni iliacha kukitumia mwaka 2003 bila ya kukiondoa. Programu mpya ilitumia alama ileile ya kuwashia ambayo zamani ilikiwasha kipande hicho. Mwaka 2005 sehemu iliyokuwa ikihesabu hisa zilizokwisha kununuliwa, ili maagizo yakome yanapotimia, ilikuwa imehamishwa mahali pengine, na hakuna aliyekijaribu tena kipande kile baada ya kuhamishwa huko. Soko lilipofunguliwa saa 3:30 asubuhi kwa saa za New York, seva ya nane ilianza kupeleka maagizo bila ya kujua pa kukoma. Katika muda wa dakika 45 hivi, maagizo 212 ya wateja yalizaa miamala zaidi ya milioni 4 katika hisa za kampuni 154. Hasara ilizidi dola milioni 460.

Mambo mawili katika tukio hili yanatuhusu. Kwanza, tangu saa 2:01 asubuhi, kabla ya soko kufunguliwa, mfumo wa kampuni ulikuwa umekwisha kutuma barua pepe 97 zilizotaja kosa lenye jina la Power Peg. Hazikukusudiwa kuwa tahadhari rasmi, na hazikufanyiwa kazi. Pili, na hili ndilo zito zaidi, mafundi walipotambua kwamba kuna hatari, waliiondoa programu mpya kutoka katika zile seva saba ambamo ilikuwa imewekwa sawasawa. Kwa kufanya hivyo walizirudisha seva saba nzima katika hali ileile ya ile moja mbovu, na maagizo yakaongezeka.

Wapo wanaosema kwamba kosa lilikuwa la fundi mmoja aliyesahau. Sisi hatukubaliani. Kusahau ni tabia ya binadamu, na ndiyo maana pakawa na daftari. Katika dakika zile 45 kilichokosekana ni ukurasa mmoja wa kusema: seva zote nane zinapaswa kuwa hivi. Angekuwapo mtu mwenye ukurasa huo mkononi, angezilinganisha, angeiona isiyolingana, na angeigusa hiyo. Bila ya ukurasa huo, saba zinazofanana na moja iliyo peke yake hazikuonyesha ni ipi iliyo sahihi. Mafundi waliona kwamba kuna kitu kipya na kuna tatizo jipya, wakaviunganisha.

4.0 USANIDI NA KIGEZO

Ukurasa huo tuuite nini kwa Kiswahili? Neno ambalo limekwisha kuenea katika programu zilizotafsiriwa ni usanidi, na kitenzi chake ni sanidi. Hatuna ugomvi na neno lenyewe. Ugumu umo katika umbo lake. Nomino zinazoundwa kwa kiambishi u- kutokana na vitenzi vyenye asili ya Kiarabu, kama vile uhariri, ushauri na ukarabati, aghalabu hubeba maana ya tendo, na pengine hubeba tendo pamoja na matokeo yake bila ya kuvitenganisha. Tutazame sentensi hizi:

(1) Usanidi wa seva ulichukua siku mbili.
(2) Usanidi wa seva hii haufanani na wa ile.
(3) Usanidi wa seva umeidhinishwa.

Katika (1) usanidi ni kazi. Katika (2) ni hali. Katika (3) hatujui, na kutojua huko kuna gharama. Iwapo ni kazi, basi sentensi inasema kwamba kamati imetoa ruhusa kazi ifanyike. Iwapo ni hali, inasema kwamba kazi imekwisha, imehakikiwa, na matokeo yake yamepokewa kuwa ndiyo hali rasmi. Baina ya maana hizi mbili ndimo mlimopotelea seva ya nane: ruhusa ilikuwapo, hali haikuwapo. Fundi akisoma (3) katika kitabu cha zamu anaweza kwenda kulala, na mwenzake akiisoma sentensi hiyohiyo anaweza kuanza kazi.

Kiswahili kina njia ya asili ya kutenganisha tendo na zao lake, nayo ni kiambishi tamati -o: tenda huzaa tendo, pigo hutokana na piga, funiko na funika. Lakini vitenzi vya asili ya Kiarabu vinavyoishia na -i au -u havipokei -o moja kwa moja. Hatusemi *hariro wala *shauro. Njia hufunguka pale tu kitenzi kinapopata kwanza mnyambuliko, kama badili inavyopitia badilika hadi badiliko. Kwa kufuata njia hiyo mtu angeweza kuunda sanidiko. Tumelijaribu neno hilo mbele ya wanafunzi wa mwaka wa tatu. Walicheka, na mwanaistilahi hana budi kukisikiliza kicheko kama anavyousikiliza ushahidi mwingine.

Pendekezo jingine ni msingi, na linavutia kwa kuwa wataalamu wa miradi wamekwisha kulizoea katika maneno kama takwimu za msingi. Tunalikataa kwa sababu ya taswira yake. Msingi wa nyumba huwekwa mara moja, na anayeugusa baadaye anaibomoa nyumba. Hali iliyoidhinishwa ya kompyuta haiko hivyo. Inakusudiwa ibadilishwe, hata kila mwezi ikibidi, ili mradi ibadilishwe kwa kibali. Tukiiita msingi tutakuwa tumewafundisha mafundi kwamba uthabiti ni kutogusa, na fundi asiyegusa ataacha mianya ya usalama wazi mwaka mzima.

Tunapendekeza kigezo cha usanidi. Kigezo hutokana na kitenzi geza, chenye maana ya kufananisha au kuiga, na neno lenyewe lina maana ya kitu cha kufananishia, kipimo ambacho kingine hupimwa kwacho. Lina sifa tatu tunazozihitaji. Ni nomino ya kitu, si ya tendo. Linadai kuwepo kwa kitu cha pili, kile kinachopimwa, na hivyo ndani yake mna tendo la kulinganisha. Aidha, halina dhana ya kudumu, kwani fundi anaweza kuwa na kigezo cha mwaka jana na cha mwaka huu na kuviweka vyote viwili. Sentensi (3) sasa inagawanyika vizuri:

(4) Ombi la kusanidi seva limeidhinishwa.
(5) Kigezo kipya cha usanidi wa seva kimeidhinishwa.

Umbali baina ya kigezo na hali iliyopo tunapendekeza uitwe mkengeuko. Hapa tunatumia kwa makusudi nomino inayotokana na kitenzi kengeuka, ambacho mtenda wake hatajwi, kwa sababu mkengeuko hugunduliwa kabla ya sababu yake kujulikana. Mkaguzi anayelinganisha anaona tofauti tu. Kuandika "kuna mkengeuko" ni kukiri jambo lililoonekana. Swali la nani limfuate ni hatua inayofuata, na kwa hatua hiyo lugha ya kutendeka haifai tena.

5.0 KAULI YA KUTENDEKA NA MTENDA ALIYEFUTIKA

Wanasarufi tangu Ashton (1944) wameonyesha kwamba mnyambuliko wa -ik-/-ek- pamoja na -uk- huieleza hali ya kitu bila ya kumhusisha aliyeisababisha. Kikombe kimevunjika hutosheleza. Tofauti yake na kauli ya kutendwa hujitokeza tunapojaribu kumrudisha mtenda:

(6) Mpangilio umebadilishwa na Juma.
(7) *Mpangilio umebadilika na Juma.

Sentensi ya (7) haikubaliki kwa maana tunayoikusudia. Jambo linalostahili mkazo ni kwamba hata (6) ikifupishwa kuwa "mpangilio umebadilishwa", pengo la mtenda linabaki wazi na msikilizaji anaweza kuuliza: na nani? Kwa umebadilika hakuna pengo. Anayeuliza "umebadilika na nani?" anaonekana hajui lugha, na kwa adabu ananyamaza. Hivyo ndivyo nami nilivyonyamazishwa katika maabara yangu mwenyewe, mwalimu wa sarufi mbele ya kijana.

Katika mazungumzo ya mafundi kauli hii imetamalaki: seva imezimika, faili limefutika, ruhusa zimeondoka, mtandao umekatika. Baadhi ya matumizi hayo ni sahihi kabisa. Umeme ukikatika, seva huzimika, na kumtafuta mtu aliyeizima ni kutafuta shetani. Fauka ya hayo, kauli ya kutendeka ni chombo cha heshima. Mtoto husema sahani imevunjika, na mama aliye na busara huelewa na kuyaacha. Jamii inayokaa pamoja inahitaji sentensi zisizo na mshitakiwa. Hatupendekezi kwamba Kiswahili kinyang'anywe upole huo, wala hatudai kwamba sarufi huwazuia watu kufikiri. Fundi yeyote anajua kwamba mpangilio haujiwashi. Tunachosema ni kwamba daftari la mabadiliko ni aina ya maandishi ambayo kazi yake moja ni kumtaja mtenda pamoja na kibali chake, na kauli inayomfuta mtenda haina kazi humo isipokuwa pale ambapo kweli hakuna mtenda.

Tuligeukie sasa jina la shughuli yenyewe. Tafsiri iliyozoeleka ni udhibiti wa mabadiliko. Neno mabadiliko, kama tulivyoona, limepitia badilika. Ni neno la mambo yanayotokea, na ndiyo maana tunasema mabadiliko ya hali ya hewa. Kwa jina hilo kamati inakuwa kama mtabiri wa mvua, inasubiri yaje iyadhibiti. Kamati halisi haidhibiti yanayotokea. Inaamua yatakayotendwa. Badilisho, linalotokana na badilisha, lingefaa zaidi kwa kila ingizo moja la daftari: badilisho lina ombi, lina mtekelezaji, lina mhakiki. Badiliko lisilo na ombi, kwa upande wake, ndilo mkengeuko. Hatutarajii kwamba jina la jumla, lililokwisha kukaa vinywani, litaondolewa, na pengine si lazima. Inatosha daftari lenyewe lifuate tofauti hiyo. Inafaa kukumbuka kwamba hata wenye ITIL hawajatulia katika jina: katika toleo lao la nne, lililoanza kutolewa mwaka 2019, walianza kwa kuiita shughuli hii udhibiti, kisha wakaiita uwezeshaji. Wakosoaji wao walilalamika kwamba neno la kwanza linanusa urasimu. Sisi tunadhani walichokuwa wakikitafuta ni neno linalomweka mtu ndani.

6.0 NJEO NA SAA

Mambo mawili madogo yanahitaji kutajwa hapa kwa sababu yamekwisha kuwapotosha watu.

La kwanza ni kiambishi -me-. "Seva ya nane imewekewa programu mpya" ni sentensi inayofungamana na wakati wa kusemwa: tendo limekwisha na hali yake bado ipo. Ikiandikwa daftarini, wakati wa kusemwa haupo tena, na msomaji wa wiki ijayo ataichukua kana kwamba bado ni kweli. Tendo liandikwe kwa -li- pamoja na tarehe na saa. Hali ya sasa isiandikwe katika daftari la matendo hata kidogo. Mahali pake ni katika kigezo.

La pili ni saa yenyewe. Badilisho lililoidhinishwa kufanyika "saa 4 usiku" litafanywa saa ambayo kompyuta huiita 22:00. Kompyuta nyingi, zaidi ya hayo, huweka kumbukumbu zake kwa saa za ulimwengu, ambazo ziko nyuma ya saa za Afrika Mashariki kwa saa tatu, kwa hiyo tendo hilohilo litaonekana humo kuwa la 19:00. Fundi aliyesoma hati kwa Kiingereza, akaona tarakimu 4, akaweka kengele yake alfajiri, hakukosa kwa ujinga. Tatizo la siku ni kubwa zaidi. Kwa hesabu ya zamani ya Waswahili siku huanza jua linapotua, na "usiku wa Ijumaa" kwa wazee wa pwani ni usiku unaotangulia mchana wa Ijumaa. Kwa vijana wa ofisini ni usiku unaoufuata. Magazeti yamelitatua jambo hili vizuri kwa kusema usiku wa kuamkia Ijumaa. Hati ya ombi ifuate magazeti, na iweke saa ya kompyuta pembeni.

7.0 INGIZO LA RITIFAA

Tumalizie kwa kurudi maabara. Baada ya kazi ya kuziunganisha fasili mbili za ng'ombe, na za ng'ambo, na za ng'oa, tulikaa tukaandika kigezo cha kompyuta ile. Kina mistari kumi na mmoja. Mstari wa nne unasema: mpangilio wa kugeuza ritifaa umezimwa, alama inayotumika katika vidahizo ni ritifaa iliyonyooka, sababu, mpangilio wa alfabeti na utafutaji. Tuliona umuhimu wa kuandika sababu, kwani atakayekuja baada yetu huenda akawa na sababu nzuri zaidi ya kutaka iliyopinda. Ana haki ya kuomba, na ombi lake litapimwa kwa sababu hiyo.

Kisha tulifungua daftari na kuingiza tukio lenyewe, ingawa lilikuwa limepita. Ingizo linasomeka hivi: Mkengeuko ulionekana wakati wa kupanga vidahizo. Mpangilio wa ritifaa uliwashwa, bila ya ombi na bila ya idhini, siku isiyojulikana baada ya uhakiki wa mwisho. Ulizimwa na fundi wa maabara kwa agizo la msimamizi wa mradi, saa 5:20 asubuhi, yaani 11:20. Vidahizo vilihakikiwa na msaidizi ambaye hakushiriki kuvisahihisha.

Fundi ndiye aliyeiandika sentensi ya pili. Aliandika uliwaka, akasita, akaifuta, akaandika uliwashwa na. Nafasi iliyofuata kiunganishi hicho bado iko wazi daftarini.